Jeshi la Juu ya Kabati Limepungukiwa na Mtu Mmoja

Migosi, Kisumu. Jumapili jioni, Aprili 1993. Mvua imenyesha tangu tulipotoka kanisani, sasa imebaki rasharasha. Moyo: mzito kidogo, lakini si vibaya.

TANGAZO. Inatangazwa kwa wananchi wote, marafiki na mahasimu, na hasa kwa Mwangi wa duka la vifaa vya ujenzi, kwamba jeshi lililopiga kambi juu ya kabati la vyombo katika nyumba hii limepungukiwa na mtu mmoja. Hakufa vitani. Hakutoroka. Hakuchukuliwa na paka, ingawa paka amehojiwa kwa kina. Ameondoka kwa heshima zote, na bendera haitashushwa nusu mlingoti kwa sababu bendera yenyewe niliitengeneza kwa karatasi ya sigara na mende wameila.

Mwisho wa tangazo.

Mke wangu amesoma hayo juu ya bega langu, akasema, "Baba Akinyi, na mtu mzima wewe," halafu akaenda kuchemsha chai.

Ni kweli. Mimi ni mtu mzima. Nina mvi, nina tumbo, nina binti wa kidato cha tatu, nina kazi ya kuuza vipuri vya magari mjini, na nina jeshi.

Jeshi lenyewe lilianza kwa bahati mbaya. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, mzee mmoja wa Kihindi alikuwa akifunga duka lake la vitu vya watoto ili awafuate wanawe ng'ambo. Niliingia pale kumnunulia Akinyi mwanasesere. Nikatoka na sanduku la mbao lenye wanajeshi wadogo wa risasi, yale madini laini mazito, kila mmoja mrefu kama kidole changu cha kati. Mke wangu mpaka leo, akitaka kunikumbusha mimi ni nani, huniuliza mwanasesere yuko wapi.

Tangu hapo nimekusanya popote nilipopata: kwa wamisionari wanaouza vitu kabla ya kurudi kwao, kwa mabaharia wa meli za ziwani, kwa mwenzangu wa kazini aliyekuwa akitumwa Nairobi kila mwezi. Na kwa sababu mimi ni mtu wa kupenda vinavyong'aa, nikawa nanunua makamanda. Ninaye jenerali wa Kifaransa mwenye kofia ya pembe mbili, mkono ameutia ndani ya koti kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba pochi ameiacha nyumbani. Ninaye jemadari wa Karthago juu ya tembo aliyevunjika mkonga. Ninaye Mwingereza wa masharubu, Mturuki wa kilemba, Mrumi wa sketi. Navijua vita vyao, walishinda wapi na walichapwa wapi. Jioni nikirudi nimechoka na habari za gasketi, huwapangusa vumbi kwa manyoya ya kuku na dunia inanyamaza kidogo.

Mwangi, jirani yangu na mtani wangu, aliyetoka Nyeri miaka mingi iliyopita kuja kuuza misumari, aliwahi kusimama mbele ya kabati hilo mikono kiunoni, akahesabu kwa kidole.

"Jenerali," aliniambia, maana hilo ndilo jina alilonibatiza, "hii si jeshi. Hii ni mkutano ya wakubwa. Askari wa kawaida ni watatu, na mmoja anapiga tarumbeta. Sasa nani atabeba maji?"

Nilicheka, lakini liliniuma. Alikuwa amesema kweli. Jeshi zima wakubwa watupu, kama ofisi fulani fulani.

Ndipo nikaanza kutengeneza askari wangu mwenyewe. Naeleza kwa ufupi, kwa sababu nikianza sinyamazi. Unachukua jiwe lile laini la Kisii, unalikata vipande viwili vinavyokutana sawasawa, na kwa kisu na msumari unachimba nusu ya mtu upande huu na nusu upande ule. Unalipasha joto ili liwe kavu kabisa, maana likiwa na unyevu litakutemea moto usoni. Risasi naipata Dunga, kwa wanaoshona nyavu. Ni yale mapande yanayozamisha wavu. Wananiuzia wakidhani mimi ni mvuvi, na sura yangu inawashangaza. Naiyeyusha nyuma ya nyumba ndani ya kopo kuukuu, kwenye jiko la makaa, kuku wakiwa wamefukuzwa na sufuria za mke wangu zikiwa zimefungiwa ndani kwa usalama wao. Unamimina, unasubiri, unafungua jiwe, na pale panakuwa na mtu.

Sijui niseme vipi furaha hiyo bila kuonekana mjinga. Panakuwa na mtu.

Sasa nifike kwa Waya Dorsila.

Waya ni shangazi kwa Kijaluo, na huyu ni shangazi wa mke wangu, dada mkubwa wa baba mkwe wangu, Mzee Ogola wa Asembo. Anaishi alikoolewa, ng'ambo ya pili ya ghuba, anakausha samaki na kuuza. Kwetu, shangazi wa mke ni mama mkwe kamili. Humkazii macho. Humtanii. Akisema jua limechomozea ziwani magharibi, unasema ndiyo, Mama, na unajilaumu kwa kuchelewa kuamka. Naye ana mipaka yake. Jina langu halitamki, huniita Ora, yaani mkwe, na akizungumza nami huelekeza maneno ukutani, kana kwamba ukuta ndio uliomwoa mpwa wake.

Waya na Mzee Ogola walikuwa na kaka yao mkubwa, Omolo. Wakati wa vita vile vya pili vya Wazungu aliingia jeshi la Keya, lile la Waafrika chini ya Mwingereza. Wengine husema alijiandikisha, wengine husema aliandikishwa. Akapelekwa Burma. Vita vilipokwisha wenzake wakarudi na makoti mazito na maneno mawili matatu ya Kihindi. Omolo hakurudi. Hakuna aliyemwona akifa. Hakuna aliyemwona akiishi. Mama yao akakataa azikwe, akawa anamwekea chakula chake kando mpaka alipofariki yeye mwenyewe. Waya akarithi ukataaji huo kama wengine wanavyorithi ng'ombe.

Mtu aliyepotea bila mwili kuonekana huzikwa kwa yago, lile tunda refu zito linaloning'inia mtini kwa kamba yake. Huchimbiwa kaburi, hufungwa kwa nguo, huitwa kwa jina la mwenyewe, huliliwa. Hapo ndipo huyo mtu anahesabiwa kuwa amefika nyumbani. Mzee Ogola kifua kimembana mwaka huu wote, na alikuwa anataka jambo hilo liishe yeye akiwa bado anaweza kusimama. Lakini wa kumwaga udongo wa kwanza ni Waya, maana yeye ndiye mkubwa aliyebaki kutoka tumbo lile. Kwenye kikao cha ukoo aliwajibu kwa ufupi.

"Siwezi kulilia tunda. Nionyesheni Omolo."

Mwezi wa kwanza alikuja kututembelea hapa Migosi na gunia dogo la samaki wakavu. Aliwaona wanajeshi wangu. Akasimama mbele ya kabati muda mrefu, mikono nyuma, kama afisa anayekagua gwaride. Mwishowe akauambia ukuta:

"Ora anaweza kutengeneza mtu?"

"Anaweza, Waya," mke wangu akajibu.

"Mtu mweusi?"

Nikaona aibu. Kabati zima lilikuwa na Wazungu na tembo.

"Anaweza."

"Basi anitengenezee Omolo. Nikimwona, nitamwaga udongo."

Nikasema ndiyo, Mama. Na nikiri hapa, ambapo hakuna wa kunizomea ila karatasi: sikumfikiria Omolo usiku ule. Nilifikiria kofia. Nilijawa na furaha ya fundi aliyepewa kazi ya maana. Asubuhi yake nilikuwa nimeanza kuwauliza wazee waliotoka Burma kuhusu upana wa ukingo wa kofia ya msituni na mahali pa kufungia mkanda.

Askari wa kwanza alikuwa mzuri mno. Kofia ya msituni, bunduki begani, buti. Nikampeleka mwenyewe. Waya akamtazama.

"Kofia inamficha," akauambia ukuta.

Wa pili nikamvua kofia, nikamnyoa. Akasema pua. Pua ina nini, Mama? Si yake. Iwe fupi, iwe ndefu? Ukuta ukaambiwa, ndefu kidogo.

Wa tatu nikampa pua ndefu kidogo. "Omolo hakuwa na pua ndefu," Waya akasema. "Nani huyo alisema pua ndefu?"

Mimi na ukuta tukatazamana. Ndiyo, Mama.

Na hakuwa mtu wa kubahatisha, hapana. Mambo mengine aliyajua kama aliyaona jana. Bega la kushoto lishuke kidogo, maana alibebea hilo mtego wa samaki tangu utotoni. Masikio yatokeze. Nyuma ya sikio la kulia awe na kovu la kuumwa na mbwa. Kisigino kiinuke, hakuwa mtu wa kukanyaga chini na unyayo wote. Hayo nikayachonga, akayapitisha yote bila neno. Kisha akifika usoni, kichwa kinatikisika. Si huyu.

Mwangi alifurahi kupita kiasi. Kila nikienda kwake kununua tupa au msasa aliniuliza, "Omolo amerudi tena?" Na nikisema amerudi, "Ameyeyushwa?" Ndiyo, ameyeyushwa. "Huyo mtu amekufa mara nyingi kuliko vita yenyewe."

Mke wangu hakucheka. Usiku mmoja aliniambia, "Anachelewesha. Hataki azikwe. Na wewe unamsaidia kuchelewesha, kila siku pua, pua."

Nikafikiri labda ni kweli. Ningekuwa nazungumza na mtu mwingine ningekaa naye, niseme, hebu niambie, alikuwa anafananaje? Anza na paji la uso, shuka polepole. Lakini mama mkwe haulizwi hivyo. Mama mkwe hahojiwi kama shahidi. Nikaendelea kubahatisha pua, na yeye akaendelea kukataa, sote wawili tukiwa na adabu ya hali ya juu.

Kisha Mzee Ogola akaweka siku. Jumamosi, wakati watoto wote wako nyumbani kwa likizo. Alituma neno: Jenerali aje na askari wake, asipokuwa tayari tutazika hivyo hivyo. Waya naye akatuma lake: mkizika tunda bila mimi kumwona Omolo, narudi nilikoolewa, na lango hilo sitalipita tena mpaka nife.

Nikakaa na maneno hayo mawili. Ndugu wawili tu waliobaki kutoka tumbo moja, kila mmoja na fimbo yake ya kutembelea, na sasa watengane. Na kati yao nimesimama mimi na kisu cha kuchongea pua.

Hapo mchezo ukanitoka. Nilimtengeneza askari wa nne bila kufikiria kofia wala mkanda. Hata bunduki nikaiacha. Kijana tu, amevaa kaptura, kichwa wazi, bega la kushoto limeshuka, kisigino kimeinuka kidogo kama anayetaka kwenda. Kuhusu uso, nilitazama uso wa mke wangu akiwa amelala, nikatazama picha ya Mzee Ogola ya harusi, nikachukua kinachofanana kati yao. Ijumaa nilimpaka rangi, na nikajiambia safari hii nimempata.

Jana asubuhi tukaenda Asembo. Mwangi akaja pia. Nilimwambia si lazima, akasema hawezi kukosa mazishi ya mtu aliyemwona akiyeyuka jikoni mara tatu.

Kaburi lilikuwa fupi. Kaburi fupi kiasi cha mtoto. Yago lilikuwa limefungwa kwa shuka jipya, limewekwa juu ya mkeka. Mzee Ogola alikaa kwenye kiti na blanketi magotini, anapumua kwa kuvuta. Mwalimu wa kanisa alikuwepo, ila alisema amekuja kama jirani. Kanzu ameiacha nyumbani na kitabu kiko mfukoni. Ziwa lilikuwa la kijivu kule chini, na mawingu yalikuwa yanajikusanya.

Waya alisimama peke yake upande wa pili wa shimo. Hakuwa amevaa nguo za msiba. Alikuwa amevaa za safari.

Nilimpa mke wangu kile kitambaa cha mkono nilichomfungia askari. Mke wangu akampa Waya. Akakifungua polepole.

Askari alikuwa amelala kifudifudi. Waya akamsimamisha kiganjani, mgongo wa askari ukimwelekea yeye. Akatazama. Akatazama bega. Akatazama masikio. Akaweka ncha ya kidole nyuma ya sikio la kulia.

"Hivi," akasema. "Alikuwa hivi."

Hakuuambia ukuta. Hapakuwa na ukuta. Alituambia sisi.

Alisema siku ile alimsindikiza mpaka Ndori, kwenye lori la vijana wa jeshi, yeye msichana mdogo amebeba furushi la chakula cha kaka yake. Pale njiani Omolo alilichukua furushi mkononi mwake na kumwambia rudi nyumbani, mama asikae peke yake. Kisha akaenda. Yeye akabaki amesimama katikati ya njia, akamwita. Akamwita tena. Omolo hakugeuka. Wenzake walikuwa wanatazama kutoka kwenye lori, na kijana wa Keya hawezi kuonekana akilia mbele ya wenzake. Kwa hiyo alimwona hivi. Bega hili. Kisigino hiki. Mpaka vumbi likamchukua.

Watu wakasogea karibu na shimo, hata watoto.

Kisha kwa kidole kimoja, kama unavyomgeuza mtoto aliyenuna, akamgeuza.

Askari hakuwa na uso. Mbele ya kichwa palikuwa na risasi tupu, kijivu, laini kama yai. Hakuna macho, hakuna pua, hakuna mdomo.

Mke wangu alinifinya mkono mpaka nikataka kupiga kelele.

"Ora," Waya akasema. Akanitazama mimi. Machoni. Tangu nioe katika nyumba ile hajawahi. "Nani alikuambia?"

Nikainamisha kichwa.

"Mimi sikumwambia mtu," akasema, na sauti yake ikawa ya mtoto. "Uso wa Omolo umenitoka. Sijui umenitoka lini. Mama alikufa akiujua, mimi nikabaki na mgongo. Ora ananiletea pua, nasema siyo. Na kama ingekuwa ndiyo, ningejuaje? Nilisema labda nikiuona nitaukumbuka. Nitamzikaje mtu nisiyeujua uso wake? Nitamwambia nini akiniuliza, Dorsila, mimi ni nani?"

Mwalimu wa kanisa aligusa mfuko wa kitabu chake akauacha.

Ni Mzee Ogola aliyekohoa.

"Dorsila," alisema. "Hata mimi."

"Wewe ulikuwa mdogo."

"Nilikuwa mdogo, ndiyo. Lakini aibu nimeiona ya mtu mkubwa. Kwa nini unafikiri nina haraka hivi? Nataka tumzike kabla hawa watoto hawajaniuliza alifananaje."

Waya alimtazama mdogo wake. Kisha akacheka. Kicheko kidogo, kikavu, kikamponyoka kama chafya. Mzee naye akacheka, kifua kikamkaba, akacheka na kukohoa pamoja, na yule dada akazunguka shimo zima kwenda kumpigapiga mgongoni. Wakawa wameshikana pale, wanacheka, na sijui ni wakati gani hasa kicheko kilibadilika.

Waya akapiga magoti, akamlaza askari juu ya yago, ndani ya shuka. Wakaliteremsha. Akachota udongo kwa mikono miwili.

"Omolo," akasema, "umefika. Sisi ni Dorsila na Ogola. Hatukukumbuki vizuri, lakini ni wewe tuliyekuwa tunakungoja."

Akamwaga.

Wanawake wakaanza kulia, kile kilio cha kweli, na mvua nayo ikaanza. Mwangi alisema ana vumbi machoni. Mvua inanyesha, ardhi imelowa, na mtu ana vumbi machoni.

Baadaye, tukila, nikawa mtu mkubwa. Mwalimu wa kanisa alinishika mkono kwa mikono miwili akasema nimeona mbali. Mzee Ogola akawaambia wanawe kwamba mkwe wao ana akili ya wazee wa zamani: mtu mwingine angechonga uso wowote tu, lakini huyu alijua kuuacha. Waya alinipakulia samaki kwa mkono wake mwenyewe, akaweka sahani mbele yangu, wala hakutafuta ukuta. Nikala. Nikasema asante, Mama. Sikusema zaidi ya hapo.

Leo kanisani hapa Kisumu watu walikuwa tayari wamesikia.

Kwa hiyo sasa niandike lililotokea hasa, maana mahali pengine sitalisema.

Uso ulikuwepo. Niliupaka Ijumaa jioni, na sikuridhika na midomo, nikaupaka tena. Kando ya ziwa, msimu wa mvua, rangi ya mafuta haikauki usiku mmoja. Kila mpaka rangi wa mabango mjini anajua hilo, na mimi najua kuliko wote. Lakini safari ilikuwa ya asubuhi. Nikamfunga kwa gazeti, nikamtia kwenye kopo la majani ya chai.

Tulipofika Asembo nilienda na Mwangi nyuma ya ghala la mahindi nimwangalie kabla ya kumtoa. Gazeti lilikuwa limemganda usoni. Nilipolivuta, nusu ya shavu ikaja nalo, na kwenye paji la uso wa kaka yao aliyepotea Burma yakabaki maandishi meusi, kinyumenyume, ya tangazo la mafuta ya kupikia.

Mwangi akainama, akasoma polepole kwa kugeuza kichwa. "Jenerali," akasema, "huyu ameandikwa bei nafuu."

Nilijaribu kufuta kwa kitambaa na mafuta ya taa ya koroboi. Ikawa mbaya zaidi; alikuwa kama mtu aliyelipukiwa na kitu. Mwangi akanipa kisu chake kidogo. Nilitaka kukwangua rangi tu, naapa. Lakini risasi ni laini, na nyimbo zilikuwa zimeanza kule mbele, na mke wangu alikuwa ananiita. Pua ikaenda kwanza. Baada ya pua hakukuwa na sababu ya kuacha macho. Nikakwangua mpaka pakawa sawa, nikamfunga kwa kitambaa cha mkono kifudifudi, ili wamwone mgongo kwanza na mimi nipate muda kidogo wa kufikiria la kusema. Mpaka dakika ya mwisho sikuwa nimelipata.

Waya aliponiuliza nani aliniambia, watu waliona nimeinamisha kichwa wakasema ni adabu, wengine wakasema ni hekima. Haikuwa adabu. Nilikuwa naangalia kiatu changu cha kulia. Juu ya ngozi nyeusi, karibu na kamba, kulikuwa na kipande kidogo cha risasi kinachong'aa, kimejikunja, na nilikuwa namwomba Mungu mama mkwe asishushe macho.

Nilikiokota usiku nikivua viatu. Sikukitupa. Kiko hapa mbele yangu kwenye kiberiti, na chai imeletwa na inapoa, na nimekaa najiuliza swali ambalo sioni wa kumpelekea: pua ya Omolo, ambaye kwangu naye ni baba mkwe, aliyekwisha zikwa, mtu huiweka wapi?